Timu Iliyobaki

Doto, pacha wangu,

Leo shingo imekakamaa na mgongo unaniuma, na wa kulaumiwa ni wewe. Jana nilibeba ndoo ya maji kichwani kutoka bombani hadi nyumbani, Kambarage nzima ikinitazama, na mwanao Limi akinitangulia anaimba. Ngoja nikueleze yote. Najua hukupenda kuhadithiwa kwa kifupi.

Jana ilikuwa fainali ya kombe la ng'ombe. Dume la safari hii lilikuwa na nundu kubwa, limefungwa nyuma ya goli la shule, linatafuna nyasi kama vile halihusiki. Waliofika fainali ni vijana wa mtaani kwangu, Kambarage, hapa Shinyanga na wachimbaji wa Masumbwe, wale uliokuwa ukiwapikia wali maharage kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na kuwaita wanangu, wakati wengine wana ndevu kumshinda baba yetu.

Nilipopata habari hizo nilikaa kwenye cherehani nisishone kitu. Utaratibu wetu unaujua. Redio ya baba ilikuwa moja, betri zake tunazianika juani zipate nguvu kidogo, na baba akasema mapacha hawawezi kushangilia timu moja. Kila mmoja awe na yake, kama tulivyokuwa tunagawana doti ya khanga, kipande changu na kipande chako. Kulwa kazaliwa kwanza, achague kwanza. Doto achukue inayobaki. Anayefungwa anabeba maji, mshindi anatembea mbele anaimba, na kununa ni marufuku.

Basi miaka yote nikachagua mimi. Unakumbuka Kombe la Dunia la Marekani, ulipokuja kunitembelea? Nikachukua Brazil kabla hujavua viatu, ukabaki na Italia. Kesho yake ukabeba ndoo huku unalalamika kwamba penalti si mpira. Nami mbele nakata mauno! Nilikuwa mbaya, mdogo wangu.

Tangu homa ikuchukue mwezi wa pili, jambo hilo limenikaa rohoni. Nimekuwa nikijiambia kwamba ulikula makombo yangu maisha yako yote. Siku ya mazishi wanao walichimba kaburi lako wenyewe, kuta zimenyooka, hawakutaka mtu mwingine ashike jembe. Yule nahodha wao, Nkwabi, akanijia na udongo mikononi. "Mama mkubwa," akasema, "mama alituambia timu inayobaki ndiyo inayohitaji mtu. Sisi tulikuwa tunacheza peku, watu wanatucheka. Akatuchukua hivyohivyo." Nilikuwa nalia, sikuyatia maanani.

Sasa nikuambie kuhusu Limi. Baba yake ameridhia akae kwangu asome. Ana adabu, shikamoo haimpiti mtu. Lakini tangu afike alikuwa hacheki, Doto, wala haombi kitu. Nikimuuliza ale nini, "chochote tu, mama mkubwa." Avae gauni lipi, "lolote." Mtoto wa miaka tisa! Hilo limenikosesha raha kuliko kitu chochote mwaka huu.

Basi jana asubuhi nilikuwa sijui la kufanya. Jezi za kijani za Kambarage nimezishona kwa mikono yangu. Nikichagua Kambarage, nani atawashangilia wanao? Nikichagua Masumbwe, nitapita wapi sokoni? Limi alikuwa anamimina chai. Sijui nini kilinijia, nikamwambia, "Limi, leo chagua wewe kwanza."

"Yoyote tu, mama mkubwa."

"Hakuna timu inayoitwa Yoyote."

Akaweka birika chini, akafikiri mpaka chai ikapoa. Mimi nilikuwa na hakika atasema Masumbwe. Akasema Kambarage. Kwa nini? Kwa sababu kipa ni kaka yake Minza, na Minza ni rafiki yake. Kumbe mtoto ana rafiki, na mimi sikujua! Nikageuka ukutani nikajifanya natafuta sukari.

Nami nikabakiwa na wanao.

Nilijifunga kipande chako cha khanga, nikakatiza uwanja hadi upande lilipoegeshwa lori la Masumbwe. Mama Minza akapiga kelele, "We fundi Kulwa! Utushonee jezi halafu utuzomee?" Nikamjibu, "Nimebakiwa na hawa, nifanyeje?" Nkwabi alipofunga la kwanza, nilirukaruka hadi kilemba kikaanguka, wachimbaji wakakiokota wakanivika wenyewe. Kambarage wakasawazisha, wakaongeza la pili. Dakika za mwisho tukapata penalti. Nkwabi akapiga, kaka yake Minza akadaka. Ikaisha hivyo, na dume likabaki Kambarage.

Nilipogeuka, Limi alikuwa anakuja mbio katikati ya uwanja, viatu mkononi, anacheka. Kicheko chako kile kile, kinachoanzia puani! Akanishika khanga: "Mama mkubwa, ndoo!" Ulimfundisha. Na ule wimbo wetu wa kumcheka aliyefungwa ulimfundisha pia, wote, hata ule ubeti wa matusi yetu ya mapacha niliodhani tunaujua mimi na wewe tu.

Nikabeba. Maji yananimwagikia mabegani, watu wanapiga vigelegele, na mbele yangu yule mtoto anacheza, kila hatua tatu anageuka kuniangalia kama nimenuna. Hapo nikamwelewa Nkwabi, kwamba hukuwa unakula makombo. Mimi nilikuwa mbele siku zote, Doto, sikuwahi kugeuka nikuone uso. Kumbe wewe nyuma yangu ulikuwa unaniona nikifurahi, na hilo lilikutosha. Na mimi jana lilinitosha. Ndoo haikuwa nzito hata kidogo, shingo ndiyo imekuja kudai leo.

Wabeja, pacha wangu. Asante kwa kila ndoo uliyobeba. Asante kwa kuniachia Limi, na kwa kumfundisha wimbo kabla hujaondoka.

Kwetu pacha mmoja akipewa, mwenzake naye apewe. Nimeshona jezi za Kambarage, kwa hiyo nitashona za Masumbwe, na Nkwabi ameshanichagulia rangi, njano inayoumiza macho. Lala salama, Doto wangu. Nakuahidi Limi atachagua kwanza kila mara, timu, gauni, shule, hata mume siku hiyo ikifika. Mimi nitachukua inayobaki.

Asubuhi hii nimemuuliza ale nini. Amesema anataka viazi vitamu, na visiwe baridi.

Dada yako,
Kulwa