Mlingoti wa Mzee Ambindwile

Jumatatu, 3 Machi 2025

Gift amekuja na futi ya kupimia. Ndiye katibu wetu wa chama cha wakulima wa chai, kijana msafi, viatu vyake havijawahi kuonana na tope. Amepima kutoka banda la mizani hadi mlingoti wa baba. Akasema mama, huu mti utaondoka, hapa patakuwa pa kuegesha magari. Wanunuzi kutoka ng'ambo wanakuja tarehe ishirini. Na bendera za nini siku hizi, si tuna kundi la WhatsApp?

Nikamwambia mlingoti umesimama hapa tangu 1947. Akasema ndiyo maana umechoka.

Amechoka yeye! Siku zote za kuchuma mimi ndiye ninayepanda hapa kilimani Ikuti kabla umande haujakauka. Nyekundu juu — lori la kiwanda halijaonekana, acheni majani shambani. Nyeupe juu — nimeliona kona ya chini likipanda vituo vya juu, chumeni. Mpaka lirudi kwetu ni saa tatu nzima, zinatosha. Akina mama wa pande zote mbili za bonde wanaona. Wengi wao simu zao ni vitochi.

Hauondoki.

Jumatano, 5 Machi

Mvua tangu alfajiri. Saa mbili ujumbe umeingia kwenye kundi: lori limetoka kiwandani, chumeni. Mimi nimekodoa macho konani mpaka yakauma. Hakuna lori. Nimeacha nyekundu. Watu wamenipigia kelele kutoka ng'ambo ya bonde — Mama Tulia, umelala? Sijalala. Nyekundu!

Lori lilikwama topeni huko chini. Limefika kesho yake, yaani leo, maana naandika haya Alhamisi. Waliosikiliza simu wamemwaga majani, yamepata moto vikapuni na kuwa mekundu. Mmojawapo ni Tulia, binti yangu wa kumzaa, kilo arobaini. Sikumsema.

Nilimsema kidogo.

Atuganile hakumwaga hata jani. Ni jirani yangu tangu tukiwa wasichana, na simu yake ni kubwa, aliletewa na mwanawe wa Mbeya. Nikamuuliza mbona hukuchuma, ujumbe si uliuona? Akasema aliuona. Halafu akatazama mlingoti.

Ijumaa, 7 Machi

Gift amerudi, sauti asali. Sasa mlingoti ni mzuri! Kuna mtu amemwambia habari za baba. Eti wanunuzi wanapenda stori, stori inawekwa kwenye pakiti ya chai.

Nikampa ile anayoijua kila mtu. Baba, Ambindwile, aliingia keya, jeshi la Waingereza, akiwa na miaka ishirini. Wakapakiwa melini, wakashushwa Trinkomali, kisiwa cha Siloni, Sri Lanka ya leo, kwenye bandari ya manowari za Waingereza. Hakupewa meli, alipewa kilima juu ya gati na bendera mbili. Nyekundu, askari wa kambi waingie mahandakini. Nyeupe, watoke. Vita vilipokwisha akarudi na akili ya bendera, akaitumia kwanza kuitia watu ibadani, baadaye chai ilipokuja akaitumia kwa chai.

Gift akatafuta kwenye simu. Akanisomea: Waingereza walikaa pale miaka mia moja sitini na kitu, ghuba yenye kina inayoweza kuficha kundi zima la manowari, mwaka 1957 wakaiacha, wakawakabidhi wenyewe. Akanionyesha picha. Vilima vya kijani mpaka majini. Nilitegemea pabaya. Nimeitazama mpaka simu ikazima. Mama alikuwa akisimulia kwamba mwaka ule wa 1957 habari zilifika misheni, baba akaambiwa Waingereza wameondoka Trinkomali, naye akauliza kitu kimoja tu: makaburi wamemwachia nani?

Jumatatu, 10 Machi

Karatasi. Gift ameipiga chapa, niisome mbele ya wageni. "Mzee Ambindwile, mwanajeshi shupavu wa majini, aliokoa meli ishirini na maelfu ya maisha kwa bendera zake." Nikisoma, mlingoti utajengewa zege chini na kibao. Nisiposoma, yanaegeshwa magari.

Na siku hiyo niwapandishie nyeupe magari yao yakitokea. Nikamwambia Alhamisi si siku ya lori, watu wataona nyeupe watachuma. Akasema mama, ni ya picha tu.

Ya picha tu.

Jumanne, 11 Machi

Hasira. Nimepalilia mpaka jembe limetoka mpini.

Jumapili, 16 Machi

Leo Atuganile amesimama kanisani wakati wa matangazo. Anawaalika wote tarehe ishirini, ataleta picha ya baba yake mkubwa Amoni, aliyekwenda Trinkomali pamoja na Mzee Ambindwile na kuuawa na bomu la Mjapani. Anasema hatimaye na wa kwao atakumbukwa. Watu wakapiga makofi. Mimi nikatazama sakafu.

Lazima niandike, kwa sababu sijawahi kuandika.

Baba aliniambia 1999, siku aliyonikabidhi bendera, wiki tatu kabla hajafa. Walikuwa na mwezi mmoja tu pale. Aprili, asubuhi, ndege za Wajapani zikaja. Baba akapandisha nyekundu, watu wakaingia mahandakini. Bandari ikawaka, tangi kubwa la mafuta likaungua siku nyingi. Halafu kimya. Moshi umefunika bahari, haoni kitu upande ule. Akangoja. Uji wa kambi ulikuwa umeshaiva, yeye kijana, ana njaa, na kimya ni kimya. Akapandisha nyeupe. Amoni ndiye aliyetoka wa kwanza, akamcheka kwa mbali akiwa na bakuli mkononi. Ndege moja ilikuwa imebaki nyuma ya moshi.

Alikwenda mwenyewe kwa ofisa akakiri. Ofisa akasema ni vita, rudi kilimani. Hakuna aliyemwadhibu. Aliporudi huku Rungwe alikaa na wazazi wa Amoni msibani siku zote, akawaambia bomu la Mjapani. Ni kweli. Ila si yote.

Ndiyo maana alinifundisha vile, kwa ukali kama wa mwendawazimu. Usipandishe nyeupe kwa kuambiwa. Usipandishe kwa kudhani. Nilipokuwa binti niliwahi kupandisha kwa sababu nilisikia mngurumo — akanichapa, mara ya kwanza na ya mwisho, kisha akaketi chini akalia. Sikuelewa. Mzee mzima analia kwa ajili ya lori la chai.

Na huyu kijana wa viatu ananiambia meli ishirini!

Nimempenda baba yangu. Sitamvika nguo ya mtu mwingine.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia Atuganile. Jikoni kwake, anachambua maharage. Nilitaka kuanza kwa mbali, nikashindwa, nikalisema lote kwa pumzi moja. Mikono yake ikasimama. Akauliza, kwa hiyo bibi yangu, mama yake Amoni, alimpikia baba yako chakula cha msiba siku zote zile? Nikasema ndiyo. Akauliza tangu lini mimi ninajua. Nikasema miaka ishirini na sita.

Akamwaga maharage yote, mabovu na mazima, kwenye sufuria moja. Akasema, "Uende, Mama Tulia. Ndaga." Ni asante kwa lugha yetu, na ndiyo ilikuwa kwaheri yangu.

Nimeogopa. Naandika wazi, nimeogopa. Mlingoti ukiondoka nitakuwa na hasira. Atuganile akiondoka nitakuwa na nini?

Jumatano, 19 Machi

Siku ya pili hanisalimii. Leo lori limekuja, nimepandisha nyeupe, bonde lote wamechuma isipokuwa yeye. Mistari yake ya chai imejaa machipukizi mapya, hajagusa.

Nimekwenda kwa Gift nikamrudishia karatasi yake. Nimemwambia habari ya Amoni, kwamba nitaisema ilivyokuwa, na bendera nyeupe siipandishi bila lori. Akasema mama, utatuharibia wote, hao watu wamesafiri kutoka ng'ambo, unataka kuwaambia mzee aliua mwenzake? Nikasema nitawaambia mzee alikosea, na kwamba tangu siku ile hakukosea tena, na majani yao yanafika kiwandani mabichi kwa sababu hiyo. Hiyo ndiyo stori yao, kama wanataka stori. Akasema basi msumeno upo tayari.

Auwashe. Baba aliubadilisha mlingoti mara mbili, mimi mara moja. Miti ipo.

Alhamisi, 20 Machi

Saa tatu. Naandika juu ya meza ya mizani. Mvua nyepesi. Gift amekuja na bendera nyeupe mpya, ina chapa ya chama, imepigwa pasi. Sijaipokea. Nyekundu iko juu tangu alfajiri. Amekwenda kumwita mtendaji wa kijiji. Nimejifunga kamba ya bendera kiunoni mara mbili. Tulia anasema ninajiaibisha. Nimemwambia asogeze benchi.

Saa nne kasoro. Atuganile anapanda. Hana kikapu. Amevaa nguo za kanisani, picha ya Amoni kaifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Nimemsalimia. Amesimama chini ya mlingoti, ametazama juu muda mrefu, mvua inampiga usoni.

Saa nne. Magari mawili yako konani. Gift anapanda na mtendaji mbele ya wote, anapunga mikono: nyeupe, nyeupe! Ng'ambo ya bonde naona akina mama wametoka milangoni wanaangalia huku. Hakuna aliyebeba kikapu.

Atuganile ameketi kwenye benchi langu. Hakunitazama. Amesema, "Ukiwaambia, jina la Amoni litangulie. La baba yako lifuate." Nikauliza, utakaa usikie? Amefungua ule mfuko, anaifuta picha kwa upindo wa kitenge, na mtendaji ameshafika ananiambia nifungue kamba.