Maji Matamu Kutoka Kisima cha Chumvi

Alhamisi, Musoma. Alfajiri mvua ilinyesha, kisha jua likatoka kali, na mimi mpaka sasa furaha haijaniisha.

Nimekunywa maji ya kisima cha kiwandani. Bilauri nzima, na hayakuwa na chumvi!

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiendelea hivi hata mimi mwenyewe nikija kuyasoma sitaelewa.

Kiwanda chetu cha samaki kiko ufukweni, mbele kidogo ya Mwisenge. Ziwa tunaliona dirishani, lakini maji yake pale kwetu yamejaa magugu na yananuka, ndiyo maana Bosi alichimba kisima. Kisima nacho kikatoa maji ya chumvi. Barafu tunayoigandisha kwa maji hayo haikomai, inakuwa uji kabla gari halijafika Bukima, na huko Bukima ndiko kaka yangu Magesa anakovua sangara. Juzi juzi alimwaga samaki waliomwozea akisubiri barafu yetu. Hakunilaumu. Niliona aibu kana kwamba jua lile nimeliwasha mimi.

Basi Bosi akaagiza mashine ya tando. Siku hizi mwenye uwezo anaagiza anachotaka, si kama ile miaka tuliyopanga foleni kwa kipande cha sabuni. Mashine yenyewe ni mabomba marefu meupe, na ndani ya kila bomba kuna utando mwembamba sana uliokunjwa kama mkeka. Pampu inasukuma maji kwa nguvu, maji yanapenya utando, chumvi inabaki na kutokea bomba la pili. Kichujio cha chai kinazuia majani tu, rangi na sukari vinapita. Utando huu ungezuia hata sukari! Nimemweleza kila mtu jambo hilo, mpaka jirani yangu sasa akiniona anaficha birika.

Mtaalamu wa ng'ambo aliyeifunga aliondoka na kutuachia onyo moja: klorini, ile dawa ya kuua vijidudu vya maji, isiguse tando, itazila. Tando za akiba hatuna.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuiwasha. Bosi alishasema wazi kwamba ikishindwa mbele ya wanunuzi wake, anaing'oa na kuiuza Mwanza. Ikienda Mwanza, kazi yangu nayo imekwenda, na Bukima wataendelea kupelekewa uji.

Nikafika asubuhi, nikafunua tanki. Harufu ikanipiga puani.

Klorini.

Masatu, mwenzangu wa pampu, alikuwa amesimama pembeni anatabasamu, kikombe mkononi. Alikuwa amewahi kufika ili atie dawa, kikombe kizima, kwa sababu wageni wangeonja maji. Masatu alimzika dada yake wakati wa kipindupindu. Tangu hapo hanywi maji yasiyonuka dawa, hata harusini. Na siku ya lile onyo alikuwa Butiama msibani, hakuna aliyemwambia.

"Dada Nyangeta, si tuliambiwaga kila maji yatiwe dawa?" akaniuliza alipoona uso wangu. "Mimi nawekaga hata ya kuogea mtoto."

Ningemkasirikiaje? Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Mara Bosi akaingia na wageni wake. "Haya, washa."

Nikamwambia bado. Tumwage kwanza, tuoshe tanki, tujaze upya.

"Tanki zima? Watu wamesimama hapa! Hiyo dawa kidogo itafanya nini?"

Nakiri niliogopa. Lakini nilianzia kazi kwenye kiwanda cha nguo, na nilisikia mashine zake zikinyamaza moja baada ya nyingine kwa kukosa vipuri, mpaka siku tulipoambiwa twende nyumbani. Ukimya ule naujua. Tando hizi zikiliwa, ndiyo maji yamemwagika, hayazoleki.

"Bosi, ukitaka iwashwe hivihivi, washa mwenyewe."

Mdomo wangu huu!

Hakuwasha. Alinitazama, akatazama mashine, akaweka mikono mfukoni. Masatu akafungua koki bila kuambiwa, na Bosi akayatazama maji yakienda uwanjani kama mtu anayetazama ng'ombe wake wakiswagwa na wezi.

Tukasugua tanki, tukalisuuza mpaka pua zetu zikaridhika, tukajaza upya. Wageni walikwenda kula. Waliporudi alasiri, nikawasha.

Pampu ikanguruma. Bomba likakohoa, likatema hewa, kisha maji yakaja membamba kama uzi. Nikakinga, nikaonja, nikapiga kigelegele, mimi mtu mzima! Nikaonja na ya bomba la pili: chumvi ya kukunja uso. Kisima kimoja, na ladha mbili! Nilijua itakuwa hivyo, nimeieleza mara ngapi sijui, lakini kujua ni kitu kimoja na kuonja ni kingine.

Wageni wakanywa, wakaongeza. Masatu akashika bilauri yake, akainusa.

"Haya hayana dawa kabisa?"

"Hayana."

Akainusa tena. Kisha akafumba macho, akanywa yote.

"Ni kama ya mvua haya," akasema, akatoka nje. Nilimkuta ukutani anafuta machozi. Nikasimama naye tu.

Bosi hakuniambia asante. Alinipa ufunguo wa chumba cha mashine, akasema, "Ukae nao wewe." Nimeufunga kwenye pindo la khanga na kila dakika naupapasa.

Barafu ya kwanza inaganda sasa hivi. Kesho inakwenda Bukima na nimeomba kupanda gari hilo. Magesa hajui kitu, atadhani tunamletea uji uleule. Ana kawaida ya kuivunja barafu kwa panga, pigo moja la dharau na inasambaratika.

Nataka niwe nimesimama mbele yake panga litakapodunda.