Mita moja ya mshale

Jumanne, usiku

Halafu nimeiacha dukani! Mita ya mshale, zile za redio za kizamani, ndiyo kitu pekee kinachokosekana kwenye tesita ya kupimia umeme ninayojiundia. Kariakoo nzima wananicheka, eti nenda makumbusho.

Mangi muuza spea kaniambia, "Ipo moja tu. Kuna mzee wa Kigamboni naye anajiundia tesita, anaililia hiyohiyo."

Kumbe kichaa si mimi peke yangu?

"Mpe yeye. Mwambie shikamoo, na namba yangu hii hapa, tuunde moja pamoja."

"We mzima kweli?"

Mzima sana. Ila chumbani naongeaga na feni.

Simu nimeweka sauti mpaka mwisho. Imeita mara moja, mama mmoja kakosea namba. Nimempigisha stori mpaka salio lake likaisha.