Mwanangu Mdakaji Amerudi Kutoka Amerika, Hataki Tena Uwanja

Mama Shufaa, mpendwa mshauri wetu, nakuomba unisome mpaka mwisho kwa sababu hapa nyumbani hakuna anayenisikiliza tena. Mimi ni fundi cherehani, natoka Lubumbashi, naishi Bellevue na mke wangu Jocelyne na mtoto wetu Glody, na huyu Glody ndiye ninayemlilia, maana alicheza raga shuleni hapa Johannesburg kwa mbio zilizowashangaza hata walimu, mpaka chuo kimoja Amerika kikamwita akacheze ule mpira wao wa kofia ngumu, na huko wakamchezesha pembeni mwa uwanja, kazi yake kukimbia mbele na kudaka mpira unaorushwa kutoka mbali. Ni chuo kidogo, ligi ya daraja la chini ambayo televisheni haina habari nayo, lakini katika ligi hiyo, mama, hakuna mdakaji aliyemfikia, alikuwa anaruka katikati ya mabeki wawili anadaka kwa mkono mmoja, wanamgonga, anaanguka, anainuka, mpira bado anao, na video zote ninazo kwenye simu.

Alimaliza chuo, timu kubwa za kule hazikumchukua, akarudi mwaka huu. Nikafikiri atapumzika kidogo kisha aendelee na mazoezi. Eish, kumbe nimerudishiwa mtu mwingine. Anafunga mapazia mchana kutwa akisema mwanga unamchoma, anaweka sufuria motoni anaenda kulala, akitumwa mkate kwenye kiduka cha spaza anarudi mikono mitupu na kumwuliza mama yake alitumwa nini, na mtoto aliyekuwa mpole sasa anapiga ukuta ngumi. Nikamwambia, "Glody, amka ukafanye mazoezi." Akanijibu, "Papa, kichwa kinaniuma, siwezi." Nikamwambia mpira ule unadakwa kwa mikono, si kwa kichwa.

Jumamosi moja niliwaita ndugu wa kanisani waje wamtie moyo, nikaweka video kwenye televisheni, ile ambayo anadaka na kugongwa mpaka kofia inamtoka, watu wakapiga makofi, na Glody akatazama, akanigeukia, akaniuliza polepole, "Papa, huyu ni nani?" Watu wote wakacheka. Na mimi nilicheka, lakini walipoondoka nilimgombeza kwa kunifanyia mzaha mbele ya wageni.

Sasa kuna wakala amempatia timu Ulaya, nami nimeshakubali kwa niaba yake. Jocelyne anataka kwanza apelekwe kwa daktari, mimi nimekataa, maana daktari akiandika jambo baya timu itamwacha, basi mke wangu akachukua pasipoti ya mtoto akaipeleka kwa dada yake Hillbrow na kuniambia, "Ukitaka kumpeleka, pita juu yangu kwanza." Tangu hapo analala chumbani kwa Glody, kwenye godoro sakafuni. Mama, kipaji kile kiozee ndani hivi hivi? Nifanye nini ili mke wangu airudishe pasipoti?

Papa Glody, Bellevue

*

Papa Glody,

Nilipomaliza kusoma barua yako sikungoja siku ya gazeti, nilipiga namba uliyoiacha. Alipokea mkeo, akiwa hospitali na simu yako. Alinieleza kwamba siku chache baada ya wewe kuniandikia, Glody alianguka kwenye robot, taa za barabarani karibu na kwenu, akatetemeka pale barabarani huku teksi zikimpigia honi, na muuza ndizi mmoja ndiye aliyemvuta pembeni. Amezinduka. Madaktari wanasema ubongo wake umeumia kwa kugongwa mara nyingi, na uwanjani hatarudi. Mengine hawawezi kuahidi. Pole sana, ndugu yangu. Nakupa pole ya kweli.

Mkeo ameniruhusu nikujibu hapa, kwa sababu wako wazazi wengine wanaoishi na jambo kama hili wakanyamaza. Kwa hiyo nitakukaripia mbele yao.

Mtoto alikwambia kichwa kinamuuma. Hakukuficha. Aliuliza mbele ya watu yule kwenye video ni nani, nawe ukaona aibu yako kabla hujaona hofu yake. Hakuwa anafanya mzaha, Papa Glody. Alikuwa hajijui. Na wewe unaniuliza habari za pasipoti! Mwache Jocelyne nayo. Humo ndani ni yeye peke yake aliyesikia mtoto anasema nini.

Najua mapenzi yako kwake si kidogo. Asiyempenda mwanawe hamwiti mtu kuja kumtazama. Lakini mapenzi hayo yamemchelewesha kwa daktari, na hilo itabidi uishi nalo.

Leo hii mpigie wakala umwambie Glody haendi, na usijadiliane naye. Waeleze madaktari yote uliyoniandikia mimi, mapazia, sufuria, ngumi ukutani, usipunguze hata moja. Mwombe mkeo msamaha kwa maneno, usimnunulie kitu. Halafu watafute wale ndugu waliocheka, uwaambie siku ile waliona nini hasa.

Kabla ya kukata simu, Jocelyne aliniambia kwamba kila siku unakuja hospitali, unasimama kwenye korido, unachungulia mlangoni, kisha unarudi nyumbani, kwa kuogopa kwamba Glody hatakutambua. Huenda asikutambue. Mwambie jina lako. Mwambie wewe ni baba yake. Akisahau, mwambie tena.

Ingia.

Shufaa