Jeneza la Mkwajuni

Mume wangu mdogo Shabani,

Assalamu alaikum. Kifua chako kimepona na hiyo baridi ya Maputo? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama yako sasa anawapikia watu wa mradi wa gesi kule Afungi. Anarudi amechoka, lakini anacheka.

Umeniuliza, nchi mpya ikishatambuliwa na nchi nyingine, mbona jirani yake anaikatalia jina lake? Umenikumbusha usichana wangu. Tulihama Mkwajuni, tukajenga kijiji kingine, nacho tukakiita Mkwajuni. Wenyeji wa kule tulikotoka wakachukia: "Mmelikunja jina letu kama mkeka mkaondoka nalo!" Hata salamu wakatunyima.

Kisha baba yangu akafariki, na msikiti wetu mpya haukuwa na jeneza. Kaka yangu akaenda kuwaomba la kwao wale wa Mkwajuni ya zamani. Mzee wao akamuuliza, "Wewe wa wapi?"

"Mkwajuni."

Watu wakaguna. Mzee akasema, "Jina tutaligombania baadaye. Maiti hangojeshwi."

Wakaja wote na jeneza mabegani, wakamzika baba pamoja nasi.

Jina tunaligombania mpaka leo, mjukuu wangu, lakini hakuna msiba tunaoachiana. Mimi naona kutambuana ndiko huko, na Mungu ndiye ajuaye.

Nijibu upesi, hata mistari miwili.

Bibi yako,
Mwanaisha