Madodoso Ishirini

2 Februari
Kitindamimba wangu,
Hujambo? Mimi mzima, ila goti linapiga kelele, nalo nimelizoea kama jirani. Kiwanda kizima cha sare kinajua unasoma sayansi ya jamii chuoni. Bibi Vifungo kaniuliza, ndiyo nini hiyo? Nikamwambia, ni kuchunguza watu wanavyoishi. Wewe unafanya hivyo dirishani bure, mwanangu atapewa cheti. Alirudi kwenye vifungo vyake.
Mamako

14 Februari
Shikamoo mama,
Goti limeonwa na daktari? Nina kazi inayobeba nusu ya alama za mwaka: wanawake wanaoishi peke yao baada ya watoto kuondoka. Nakutumia madodoso ishirini. Wape wenzako, kila mmoja ajaze lake, bila jina. Wakiandika mabaya, waache waandike. Kisha nirudishie mimi.
Mwanao

1 Machi
Mwanangu,
Salama huko? Kazi imekwisha. Nisikucheleweshe, nimeyatuma mwenyewe kwa mwalimu wako, na salamu zangu juu. Majibu yametulia, ajue umetoka kwa watu.
Mamako

29 Machi
Mama,
Shikamoo. Mwalimu aliyapanga mezani mbele yangu. Wanawake ishirini, wote hawakosi kitu, wote watoto wao huwapigia kila Jumapili. Umebadilisha kalamu, bluu, nyeusi, nyekundu, lakini mkia wa herufi g ni ule ule ulio kwenye bahasha zako. Wamesema nimeghushi. Sikukutaja. Nimefukuzwa, na chumbani natoka kesho. Kwa nini, mama? Usinitafute kwanza.
Mwanao

7 Aprili
Mwanangu,
Sijui hata nikusalimu vipi. Niliwagawia, haki ya Mungu. Bibi Vifungo akaandika kwamba mwanawe hajamjulia hali miaka mitatu, karatasi ikalowa. Wengine nao hivyo hivyo. Nikasema, haya ndiyo nimpelekee mwalimu wa watu? Atasema mwanangu katoka kwenye kundi la waliotupwa. Nikayafungia kabatini, nikanunua karatasi mpya, nikajaza nilivyoona vinapendeza. Nimemwandikia mwalimu kwamba kosa ni langu. Hajajibu.
Mamako

16 Juni
Mwanangu,
U mzima? Barua yangu ya Mei imerudi, wameandika umehama. Hii naipitishia kwa rafiki yako wa maktaba. Kiwandani bado wananiuliza unamaliza lini. Nawaambia karibu.
Mamako

20 Agosti
Mwanangu,
Natumaini afya unayo. Rafiki yako kasema barua amekufikishia mkononi, nami nikashukuru. Ndani ya bahasha kuna yale ishirini ya kweli. Hili hapa la ishirini na moja, nimelijaza kwa kalamu moja.

Unaishi na nani? Peke yangu.
Umezaa watoto wangapi? Watatu. Wawili wako mbali, mmoja sijui alipo.
Nani hukujulia hali? Bibi Vifungo. Siku hizi tunakunywa chai pamoja, hanichokozi tena.
Nani hukupigia simu? Hakuna. Hata kabla ya Machi ilikuwa mara moja kwa mwezi. Jumapili nilizitunga.
Ukiumwa, unamwambia nani? Goti limepasuliwa mwezi wa Julai. Sikumwambia mtu.
Uko tayari kuhojiwa tena? Niko tayari. Siku yoyote. Jumapili sitoki kabisa.

Jina mlisema halitakiwi.
Mamako