"Mashine Haina Mdomo," Nilimwambia Daktari

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usinicheke kabla hujamaliza kusoma, maana najua safu yako ni ya wake na waume na mimi nakuletea mambo ya kompyuta, lakini mbele utaona kuna mwanamke analia, na si mchumba wangu, ni shemeji, mke wa kaka, ambaye nakaa kwake na nakula kwake.

Kwanza unijue. Shule niliiacha njiani, au yenyewe iliniacha, inategemea unamwuliza nani, ila Java, lugha ya kuandikia programu, nilijifundisha mwenyewe kwa simu iliyopasuka kioo mpaka mtaani wakaniita Profesa. Kwenye kundi letu la mtandaoni la wanaojifunza fremuweki ya kutengenezea tovuti, yaani nyumba ambayo fundi mwingine kashasimamisha kuta wewe unaingiza vyombo vyako tu, mimi ndiye ninayewakaripia wageni. Mtu akiuliza swali la chekechea namjibu, "Dogo, kasome mwongozo, hapa wanakaa wakubwa." Watu wanacheka, mimi navimba kichwa.

Sasa shemeji yuko mapokezi kwenye kliniki, akanipigia debe kwa daktari, nikawatengenezea tovuti ya miadi, mgonjwa anaingia na namba yake ya siri anaona anakuja lini na kwa shida gani. Niliijaribu chumbani peke yangu, nikaingia, nikatoka, nikaingia tena, safi kabisa. Daktari akanipa mkono, kaka akaniita injinia mbele za watu.

Haikupita muda ikavuja habari ya binti mmoja hajaolewa, kwamba kaenda kupima mimba, na baba yake akaja kliniki akifoka, nani katoa siri ya mwanangu. Daktari akatuita ofisini mimi na shemeji, akaniuliza, "Haiwezi kuwa ni hii tovuti yako?" Mshauri, nilicheka. Nikasema, "Daktari, mashine haina mdomo. Wenye midomo ni watu." Na shemeji alikuwa kakaa pembeni yangu.

Kasimamishwa kazi, na Ijumaa daktari anaamua kama anamfukuza. Kaka naye hampumzishi kwa maswali. "Niambie tu ulimwambia nani." "Sijamwambia mtu, jamani, niape kwa nini tena?" Mimi niko hapo hapo nabonyeza simu.

Juzi roho ikanisuta, nikaazima simu ya kaka, nikaingia kama mgonjwa mmoja kwa yangu na kama mgonjwa mwingine kwa yake, kwa mpigo, na simu ya kaka ikanionyesha miadi ya yule wa kwangu. Nilikuwa nimehifadhi jina la mgonjwa ndani ya kontrola, kile kipande kinachopokea watu, nikidhani kila anayeingia anapewa kontrola yake, kumbe ni moja tu kwa wote, na wawili wakiingia pamoja mmoja anaona ya mwenzake. Peke yangu chumbani ningeonaje?

Na shemeji bado ananiwekea chakula. "Kula, injinia, utakonda." Na mimi nakula.

Naomba uniulizie hapo gazetini: hilo jina niliweke wapi? Kundini siwezi kuuliza, ni swali la chekechea, na mimi ni Profesa. Na nikirekebisha kimyakimya, bado lazima niseme?

Ni mimi, Profesa, namba yangu iko nyuma ya bahasha.

MSHAURI ANAJIBU

Kijana, swali lako la kwanza nimelipeleka kwa dada anayetunza tovuti ya gazeti letu. Hakukucheka. Anasema kontrola ni mhudumu mmoja anayehudumia foleni nzima, usimpe akushikie cha mtu. Kila mgonjwa ana kikao chake kinachofunguliwa akiingia na kufungwa akitoka, cha kwake kiwekwe humo. Anasema kila anayeanza hulikosea hilo. Basi hapo huna aibu yoyote.

Aibu yako ni ule utani. Uliulizwa swali la kweli ukatafuta wa kulaumiwa, ukamkuta kakaa pembeni yako. Mficha uchi hazai; wewe umeficha ujinga mpaka umezaa balaa, na mwenye kulilea ni mke wa kaka yako.

Halafu mbona sijasoma popote kwamba umeizima? Unaniandikia kurasa mbili za huruma huku wagonjwa wanasomana! Nimekupigia, hupokei. Zima leo, kabla hujanywa hata maji. Kisha nenda kwa daktari, shemeji na kaka wakiwepo, ubebe simu mbili. Usieleze, maana ukieleza huishia kujisifu. Waonyeshe. Mwambie daktari wagonjwa wote waarifiwe, na ukifukuzwa, pokea. Usipeleke marekebisho kama zawadi. Usimtume kaka akusemee. Gazeti hili linatoka kabla ya Ijumaa yako, nimehakikisha.

Binti yule hatarudishiwa siri yake hata ukimeza Java yote ya dunia. Hilo utaishi nalo.

Shemeji umwombe radhi mbele ya hao hao waliomshuku, mara moja, bila "lakini". Akikaa kimya usimwambie, "Si nimeshaomba msamaha?" Kimya hicho ni haki yake. Kuanzia hapo chakula chako jipakulie mwenyewe, na sahani uoshe.